Kilo Mbili za Maji

Jumatatu saa tatu asubuhi Damaris alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda pale Masimba, akizitazama mashine mbili za kuosha magari ambazo Eric, muuzaji kutoka Nairobi, alimwachia azijaribu. Moja ilikuwa na brashi tatu kubwa za bluu. Nyingine haikuwa na brashi, ilirusha povu na maji tu. Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, Damaris angechagua moja na Eric angeipakia nyingine kwenye lori.

Kiwanja kilikuwa cha mama yake, Nyanchoka, aliyeng'oa mistari minne ya chai ili kumpisha. Damaris akikosea, mama angebaki bila chai na bila mashine.

Ya brashi iliosha vizuri, ila iliacha mikwaruzo milangoni. Ya povu haikukwaruza kitu. Iliosha tu mpaka gari likarudi kuwa kile kilicholinunua. Probox ya mwalimu Ogoti iliingia upande huu na upande wa pili wakatoka ng'ombe watatu na ndama, safi mpaka kwato. Walikuwa ng'ombe wa marehemu baba yake, waliouzwa ili gari linunuliwe. Ogoti akawaamkia mmoja mmoja kwa jina, wakafutwa kwa taulo, wakawa Probox tena, naye akawahi kipindi cha pili. Pikapu ya mchongaji wa Tabaka ilitoka ikiwa ndovu mia nne wa mawe ya sabuni, na kuwafuta kulimaliza adhuhuri nzima. Vitz ya nesi Sheila iligeuka kishamba cha migomba. Damaris aliomba mkungu kabla hakijakauka, na tangu siku hiyo Vitz ikakosa kifuniko cha gurudumu moja. Sheila hakulalamika, maana ndizi zilikuwa nzuri.

"Hiyo ni kawaida, madam," Eric alisema kwa simu. "Iko kwa kitabu cha maelezo, ukurasa wa nane."

Damaris alicheka wiki nzima mpaka mbavu zikamuuma.

Ijumaa alasiri magari yalijaa, kwa kuwa hakuna Msabato anayetaka kufika kanisani na tope. Foleni ya brashi ilifika barabarani. Omosa, mwenyekiti wa kituo cha kupimia majani chai, hakuwa mtu wa kupanga foleni. Alilipeleka gari lake refu jeusi moja kwa moja kwenye povu.

Likatoka majani chai. Yalikuwa mabichi, majani mawili na chipukizi, kilima kizima, na Omosa ameketi kileleni, mkanda wa usalama kifuani. Wanawake waliokuwa wakipeleka vikapu kituoni wakasimama. Nyanchoka akainama, akaokota jani. Panga lilimkata ncha ya kidole zamani, na kila jani alilochuma lilikatika mshazari.

"Hii yangu," akasema. "Na hii. Hii ni ya kiangazi, wakati mvua ilikataa. Karani alikuwa anakata kilo mbili za maji kwa kila kikapu. Nikamuuliza, maji gani?"

"Omong'ina, mama yangu, hiyo ni taratibu ya kituo," Omosa alisema kwa upole. "Kila mtu hukatwa."

"Najua. Inua mguu, umekalia ya Februari."

Omosa akainua mguu. Wanawake walijaza vikapu, wakajaza magunia, wakajaza na kanga zao, wakiteta kwa furaha juu ya jani la nani ni lipi. Waliposhika taulo, vijana wa kuosha hawakupata cha kufuta.

Eric alifika saa kumi na moja. "Ipi inabaki, madam?"

Magari yote yalikuwa yamehamia upande wa brashi, hata yaliyokwisha kuoshwa. Damaris alijua akichagua povu wakubwa hawatarudi. Akamtazama mama yake, kikapu mgongoni, uso umemkunjuka kama wa msichana. Hasira na furaha vilimpanda pamoja.

"Ya povu," akasema.

"Mbuya mono," mama akaitikia. Vizuri sana. "Sasa twende tupimiwe kabla Sabato haijaingia."

Walishuka kituoni wakiimba. Karani alitundika kikapu cha Nyanchoka kwenye mizani, akapenyeza mkono ndani, akautoa ukichuruzika. Akaupangusa kwenye suruali.

"Kilo mbili za maji," akasema, akaandika.

Safari hii maji yalikuwapo, ya mashine ya povu. Karani akakata kikapu cha pili, na cha tatu, na kila gunia. Nje, penye kivuli cha kuegesha gari la mwenyekiti, likatokea gurudumu, kisha la pili, kisha mlango. Kikapu cha mwisho kilipopimwa, gari lilikuwa na viti na usukani. Omosa, aliyewafuata kwa miguu, akaingia, akafunga mkanda.

"Damaris, nitalileta Ijumaa ijayo," akasema kupitia dirisha lisilo na kioo bado. "Lakini utanioshea kwa kitambaa."

"Sawa, Mwenyekiti."

Jua likatua. Omosa akaondoka polepole. Honi ilikuwa haijarudi, lakini wanawake waliokuwa njiani na vikapu vitupu walimpisha, kama kawaida.