Stima Isiyosikika

Mwaka ule dizeli ilikuwa adimu kuliko mvua ya Kasigau, na mimi ndiye niliyekuwa nikiifuata Voi. Ndani ya basi watu walinikimbia kwa harufu. Kwa hiyo stima ilipofika kwetu, karibu na Wundanyi, nilimwambia mume wangu Mwandawiro achague: atie mota ya stima kwenye mashine yetu ya kusaga mahindi, au dizeli aifuate mwenyewe.

Akatia mota. Ikavuma taratibu kama nyuki mmoja. Nilifurahi nusura nilie.

Siku ile hakuja mteja hata mmoja, wala siku iliyofuata. Mwandawiro akajifungia na mota yake, akisaga mahindi yetu wenyewe kuijaribu. Siku ya tatu nikaona wanawake wanapanda njia, jirani yetu Tryphena mbele, vikapu kichwani. Nikatoka nikicheka. Tryphena akanikumbatia akaangua kilio.

"Pole, Mama Dinah! Alianguka ghafla?"

"Nani?"

"Si Baba Dinah!"

Hapo nikaelewa. Injini ya dizeli ilikuwa ikipiga kelele mlima mzima ukajua tunasaga, na katikati ya wiki mashine hunyamaza kukiwa na msiba tu. Kimya chetu kilikuwa kimemuua mume wangu. Marehemu naye, aliposikia kilio, akatoka mbio kuuliza kuna nini, mweupe kwa unga tangu kichwani hadi miguuni. Tryphena alifika kwenye migomba kabla hajageuka kutazama vizuri.

Walipotulia wakaniachia unga wa matanga waliouleta. Ulikuwa umesagwa kwa mshindani wetu Wambua, ng'ambo ya mto. Nilitamani kweli pawe na maiti.

Nikawaonyesha mota. Wakaitegea masikio, wakatazamana.

"Haina nguvu hii," alisema Tryphena. "Itasagaje na haisikiki?"

Wakarudi kwa Wambua.

Kesho yake Mwandawiro akawasha injini ya dizeli nyuma ya nyumba. Hakuifunga mkanda. Iliunguruma tu, haisagi hata punje, na mota ikafanya kazi yote. Kabla ya adhuhuri foleni ilikuwa imefika barabarani.

Nilipokuwa natoka na mtungi kwenda Voi kutafuta dizeli tena, Tryphena akanishika mkono, unga wake ungali na joto.

"Mama Dinah, sasa hii ndiyo stima! Inasikika mpaka Mbale!"