Msumari wa Lorna

Jumamosi asubuhi, wanachama wa klabu ya picha walimsimamisha Lorna Haugen chini ya mti ambao majani yake yalikwisha kuwa mekundu kwa baridi, kando ya ziwa, katika mji wa Duluth, Marekani, wakaanza kumpa amri. Inua kidevu. Shusha bega. Tabasamu. Basi, usitabasamu. Lorna, muuza mikate wa makamo, alitii yote huku baridi ikimtafuna masikio. Waliahidi kumpa picha moja, naye aliitaka kwa ajili ya mama yake kule mjini Fargo. Ukutani kwa mama zilining'inia picha za kaka zake watatu, na kando yazo msumari mtupu.

"Huo ni wako," mama alimwambia kila alipokwenda kumtazama. "Au unangoja nife ndiyo ulete?"

Jumatano jioni walikutana katika ukumbi wa chini wa kanisa kwa ukosoaji wa picha, pamoja na kahawa na keki ya malimau. Picha ya Lorna aliyoipiga Arlene Pietila ilisimamishwa mbele. Kwa desturi ya klabu, mpiga picha hafungui mdomo picha yake ikikosolewa, na mwanamitindo ndiyo kabisa. Mzee Delbert Rasmussen, mkosoaji wao, alitoa vipande vyake viwili vya kadibodi nyeusi, akavilaza juu ya picha kuonyesha pa kukata.

"Mkono huu unatafuta nini hapa?" aliuliza. "Unavuta jicho."

Akasogeza kadibodi. Mkono wa kushoto ukatoka kwenye picha, na kule nyuma keki ya Lorna ikaanguka sakafuni, maana haikuwa tena na mkono wa kuishika. Jirani yake alimwokotea.

Kazini, meneja alimtoa kwenye kukata mikate akamweka kwenye kuifunga. Wateja walimtania.

"Delbert huyo, eh? Mwaka juzi alimkata mbwa wangu mkia. Na kusema kweli, alipendeza."

Arlene aliirekebisha picha kama alivyoelekezwa, akairudisha Jumatano iliyofuata. Safari hii miguu ilionekana mizito, nayo ikakatwa. Baadaye koti likaonekana linameza mwanga. Mwishowe ulibaki uso peke yake kati ya majani, na Mzee Delbert aliutazama kwa huzuni ya mtu anayempenda mgonjwa wake.

"Uso unagombana na majani," alisema.

"Lakini hiyo ni ya mama," Lorna alisema kutoka nyuma.

"Lorna, mwanamitindo hasemi," Arlene alimkumbusha kwa upole.

Kadibodi zikasogea. Ukabaki mti, na mwanga mzuri ajabu. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na picha ikapewa nafasi ya kwanza. Watu walikwenda mmoja mmoja kukishukuru kiti kitupu cha Lorna.

"Bila wewe tusingefika hapa," walikiambia. "Jumamosi usikose. Vaa kitu chekundu."

Arlene, mtu wa kutimiza ahadi, aliitia picha kwenye fremu akaituma Fargo. Siku chache baadaye simu ililia nyumbani kwa Lorna, naye akaipokea kwa sauti tu, kwa kuwa sauti haikuwahi kuwamo kwenye picha na hakuna aliyeikata.

"Nimeshaitundika," mama alisema. "Imekaa vizuri."

"Unaniona, mama?"

"Sasa nisikuone, mimi kipofu? Si huyo umesimama hapo chini ya mti." Nyayo zake zilisikika, bila shaka akisogea karibu na ukuta. "Ila ungechana nywele, mwanangu."

Lorna alifurahi mpaka akalia, akaahidi kwamba safari nyingine atachana.

Jumamosi alitangulia kufika ziwani. Walimtambua kwa skafu nyekundu iliyokuwa ikipepea chini ya mti, mahali pa shingo.

"Inua kidevu," alisema Arlene.

Skafu ikainuka kidogo. Mzee Delbert, aliyekuja kutazama tu, aliinamisha kichwa upande, akakunja uso, akaanza kupapasa mifuko yake akitafuta kadibodi.