Upepo wa Tairi la Mbele

Mshona mashati aliikokota baiskeli ya marehemu mumewe mpaka kwa Fundi Kimya, akaiegemeza kwenye meza ya kazi na kusema anataka itengenezwe iweze kupita barabara ya changarawe.

Fundi Kimya alikuwa akinyoosha rimu. Aliitazama baiskeli, akamtazama mwenye baiskeli.

"Hii, shemeji?"

"Hiyo hiyo."

"Hii ni ya lami. Ukiipeleka kwenye changarawe itakubwaga hata kilima hujakiona, halafu lawama zote kwangu."

"Wewe ulimwambia mume wangu ni baiskeli nzuri."

"Nzuri ni nzuri. Hata kiatu cha harusi ni kizuri, lakini hulimii."

Mshonaji hakucheka. Bintiye alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko ng'ambo ya machimbo ya kokoto, na basi lilikuwa limeacha kwenda huko kwa sababu ya ubovu wa njia. Ingekuwa binti mwingine angekuja mwenyewe na kichanga chake mgongoni. Huyu alikuwa hajatia mguu nyumbani tangu mazishi ya baba yake. Ndiye aliyempigia baba simu kumwomba aje amtembelee, na baba akagongwa na lori la kokoto akiwa njiani kwenda kwake; baiskeli ikaokotwa majanini, nzima. Siku ya maziko msimamizi wa machimbo alisimama mbele ya watu, kofia mkononi, akasema kwa upole kwamba marehemu alionywa kuwa malori yanapita, ila hakusikia la mtu, alikuwa na haraka ya kumwona mwanawe. Watu wakaguna kwa huruma. Binti alikuwa amekaa mstari wa mbele na aliyasikia yote. Tangu hapo akipigiwa simu hujibu ndiyo, hapana, tunashukuru Mungu, basi.

Fundi alishika tairi la nyuma, akalibonyeza kwa dole gumba. Lilikuwa gumu kabisa, ingawa hakuna aliyelijaza tangu mwenyewe alipozikwa. Akafungua kifuniko cha valvu, akaigusa kidogo kwa kucha.

"...tena leo raha mustarehe," lilisema tairi kwa sauti ya marehemu, ambaye watu walimwita Kasuku, "msimamizi mwenyewe kaniambia kwa simu, pita tu, leo malori hayatoki..."

Fundi aliachia valvu. Mshonaji alivuta kigoda akakaa.

Walijua wote wawili ni kitu gani. Anayezungumza huku akipiga pampu, maneno yake huingia pamoja na upepo, na yanatoka siku upepo unapotoka. Ndiyo maana mafundi wenye adabu hujaza kimya kimya. Fundi Kimya alipata jina hilo kwa sababu hiyo, maana nje ya pampu huwezi kumnyamazisha. Zamani alikuwa akijaza huku akiwasengenya wateja, mpaka mama mmoja akapata pancha mbele ya wakwe zake, na wakwe wakasikia yote. Kasuku naye hakupewa jina lake bure. Alizungumza akila, alizungumza akinyoa ndevu, akajikata.

"Alimwambia apite," alisema mshonaji.

"Nimesikia, shemeji."

"Halafu akasimama kwenye maziko ya mume wangu."

Fundi alifuta mikono yake, ingawa haikuwa michafu kuliko kitambaa. "La mbele nalo tulisikilize?"

"Hapana. La mbele ni la binti yangu." Kusema kweli aliogopa. Kasuku alikuwa mtu wa kusema lolote, na kama humo ndani alisema ana haraka, angeisikia haraka hiyo maisha yake yote. "Nitafutie baiskeli ya kunifikisha. Na upepo wa Kasuku uende nayo."

Basi Fundi Kimya akaanza kuchagua, na katika kuchagua alikuwa mtu wa kuudhi. Ya kwanza aliikataa kwa kuwa uma wake wa kushikia gurudumu ni mwembamba, tairi pana lingekwaruza. Ya pili ilikuwa na fremu ndefu. Mshonaji alipoipanda alilala juu ya usukani kama nguo iliyoanikwa. Ya tatu ilikuwa ya kijani, imepigwa rangi vibaya, lakini matairi yake yalikuwa manene yenye meno madogo, na ilikuwa na gia nyepesi ya kupandia kilima.

"Mbona mbaya hivi?" aliuliza mshonaji.

"Unaipanda au unaiposa?"

Alimpandishia tandiko mpaka mguu ukanyooka vizuri kwenye pedali, akarudi kulishusha kidogo, kwa sababu kwenye changarawe mtu anataka kuweza kukanyaga chini upesi. Akampa usukani mpana. Akamfundisha asiukamate kwa kuung'ang'ania. "Baiskeli itacheza chini yako, iache icheze. Ukiikaza ndipo inapokutupa. Na kwenye mteremko usikamate breki ya mbele peke yake, nakuomba, tumeshazika mmoja."

Kisha akatoa matairi yale mapana upepo wake wote. Upepo huo ulikuwa wa kiwandani na haukusema kitu. Akaunga valvu na valvu kwa mrija mwembamba. Walianza na la nyuma. Fundi alilikanda tairi la zamani kama unga wa chapati, mshonaji akashikilia viungo vya mrija, na wote wawili walifunga midomo kwa sababu upepo ulikuwa wazi.

"Hodi!" alisema mtu mlangoni.

Fundi alitumbua macho. Mshonaji aliuma mdomo.

"Hodi wenyewe! Hodi jamani, hamna watu?"

Mshonaji alikuwa amelelewa na mama ambaye alimpiga kwa kuacha hodi bila jibu. Alivumilia kadiri alivyoweza. "Karibu!" alisema, na neno likaingia kwenye tairi.

Aliyepiga hodi alikuwa anauza mayai. Hawakununua. La mbele walilihamisha baada ya kufunga mlango.

Upepo ule uliokuwa mgumu katika matairi membamba ukawa laini katika mapana, sawasawa na changarawe inavyotaka. Fundi alibonyeza kwa dole gumba. "Hapo hapo. Usiongezewe na mtu." Kisha akageuka kutazama dirisha kwa muda, kwani Kasuku alikuwa rafiki yake tangu ujana na hakuwa amemsikia siku nyingi.

Mshonaji alipanda changarawe asubuhi iliyofuata. Mwanzoni alikamata usukani kama anayezama, akaanguka mara moja, akajicheka peke yake. Halafu mikono ikalegea na baiskeli ikajitafutia njia. Kila lori lilipokuja alishuka, akasimama majanini mpaka vumbi litulie.

Ofisi ya machimbo ilikuwa kando ya njia, naye hakuweza kuipita. Msimamizi alikuwa amepandishwa cheo kuwa meneja. Alimkumbuka, akampa pole, akampa kiti. Mshonaji aliiingiza baiskeli mpaka katikati ya ofisi na kufungua valvu ya nyuma mbele ya meneja na karani wake.

Tairi lilisema yote. Lilisema hali ya hewa, likasema goti linauma, likasema msimamizi mwenyewe kaniambia pita tu leo malori hayatoki. Kuelekea mwisho, sauti ya mwanamke ikasema: "Karibu!"

Karani aliacha kuandika. "Hiyo ya pili ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi hapa sauti ya mlalamikaji imechanganyika na ya shahidi," alisema karani kwa masikitiko ya kweli. "Haipokelewi."

"Lakini mmemsikia."

"Tumemsikia, mama," alisema meneja. "Ni yeye kabisa. Alikuwa mcheshi sana yule." Akaamuru mlinzi amjazie mgeni upepo.

Mlinzi alijaza bila kusema neno, kwa adabu, na tairi la nyuma likawa tairi tu. Mshonaji alilia kidogo getini. Alipotaka kuendelea ilibidi asubiri, malori yalikuwa yanatoka.

Alimkuta bintiye akianua nepi. Walikumbatiana vibaya, kwa kuwa mmoja alikuwa na vumbi na mwingine ameshika nguo safi. Kichanga kilikuwa kimelala mkekani kando yake. Kilikuwa na masikio ya Kasuku, maskini.

"Mama, umekuja na baiskeli? Njia hii?"

"Kaa chini. Baba yako yumo kwenye tairi la mbele."

Binti aliitazama baiskeli. "Sitaki," alisema. "Najua alikuwa anakimbilia kwangu."

"Mimi sijui. Sijasikiliza."

Binti alianua nepi ya mwisho, kisha mwenyewe akapiga magoti, akaiweka kucha yake kwenye valvu.

"...na hili la mbele tulitie kidogo," ilisema sauti, ikihema kwa kazi ya pampu. "Mama Shati bado amelala, nisimwamshe. Naenda kwa binti yangu. Kaniita mwenyewe, siku hizi wananiita! Nitakwenda polepole, goti lenyewe hili. Ana siku nzima, nina siku nzima. Nitapumzika kilimani nile chungwa langu..."

Likaendelea na chungwa kwa muda mrefu, likawa chini chini, likaisha. Rimu ikakaa juu ya udongo.

"Polepole," alisema binti.

"Ndivyo alivyosema."

"Alisema polepole, Mama. Wewe umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

Binti aliweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, palepale uani, akalia kama mtoto mdogo, halafu akalala usingizi mzito mchana kweupe. Kichanga kilipoamka, mshonaji alikichukua kwa mkono mmoja bila kumsogeza bintiye. Kule barabarani malori yalipita yakiwa yamejaa kokoto, yakiteremka kwenda kujenga barabara za watu wengine, na kila lilipopita moja alimziba binti yake sikio kwa kiganja.