Jina la Ustadh Gofran

Tangu Lutfa aolewe na kaka yangu, nilikuwa nikimsema kwa ajili ya ule mkono wake. Kila akilitaja jina la mwalimu wake wa kuimba, hata awe anakanda unga, lazima kwanza aguse ndewe ya sikio. Najua ni adabu ya waimbaji. Ni kumtaka mwalimu radhi kwa kulileta jina lake kinywani. Lakini mfuaji wa nguo zake nilikuwa mimi, na pindo la sari yake halikukosa unga upande wa kulia.

Dhaka nzima iliijua sauti yake, na hakuna aliyeijua sura. Katika filamu mwigizaji hufumbua mdomo tu, mwimbaji ni mwingine, na kwa miaka mingi huyo mwingine alikuwa wifi yangu. Wanaume walikosa usingizi kwa ajili ya wasichana wa kwenye pazia la sinema, kumbe wanapenda koo la mama wa watu, ambaye akienda sokoni Shantinagar alipunjwa samaki kama sisi sote.

Mwezi wa Falgun, baridi inapokwisha, kabla jeshi la serikali halijatushukia, mwalimu wake huyo, Ustadh Gofran Ali, alitunga wimbo wa uhuru wa nchi yetu. Lutfa aliuimba kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito, ambayo hakuwahi kumwazima mwigizaji yeyote. Kanda ikavushwa mpaka, na baadaye kaka yangu naye akavuka kwenda kupigana. Mvua zilipoanza, redio ya mafichoni ikawa inaupiga wimbo ule kila siku, watu wakiusikiliza wamejifunika blanketi. Jeshi lilijua nani kautunga. Nani kauimba lilikuwa bado linatafuta.

Na mtunzi mwenyewe alikuwa ndani ya stoo yetu, nyuma ya magunia ya mchele, akikohoa ndani ya mto. Nasema wazi, niliogopa. Niliogopa hata kuku akiparua uani. Nilimwambia Lutfa kwamba tutakufa sote kwa ajili ya mzee mmoja, akanijibu kwamba huyo mzee ndiye aliyempa kinywa.

Kapteni mmoja wa jeshi hilo alikuja asubuhi, chai ikiwa bado mezani. Alibisha hodi, akavua kofia, akaniita mama. Upole wake ulinitisha kuliko makelele ya wale waliovunja milango ya jirani. Aliweka mashine ya kanda juu ya meza, akaupiga wimbo mpaka mwisho, kisha akamwomba Lutfa auimbe.

Lutfa akauimba. Lakini aliuimba kwa sauti ya yule msichana wa filamu ya mwaka uliopita, nyembamba, ya kudeka, mpaka maneno ya kufia nchi yakawa kama ya binti anayeomba bangili. Kapteni alicheka, akaona haya kwa kucheka. Alikuwa ameiona filamu ile. Akafunga mashine yake, nami nikaanza kupumua.

Alikuwa ameshika kofia tayari aliposema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Watu wa studio wananiambia ulifundishwa na Gofran Ali."

"Gofran Ali nilimsikia kwa watu tu, bwana," Lutfa akajibu.

Mazoea yana tabu. Mdomo ulikana vizuri kabisa, na mkono ukapanda ukashika sikio.

Kapteni alikaa tena. "Mama yangu anaimba," alisema polepole. "Kwetu Lahore pia, mtu hagusi sikio kwa jina la mgeni."

Sijui maneno yalinitoka wapi. Niliupiga mkono wa Lutfa ukaanguka. "Usilitoneshe, wewe! Linatoka usaha, bwana. Wiki nzima namwambia atie mafuta ya haradali, ananiuliza nimesomea wapi udaktari. Haya, endelea kulichokonoa, uwe kiziwi, tuone utaimba nini."

Kapteni alimtazama Lutfa, akanitazama mimi. "Kesho nitarudi na mkubwa wa studio," alisema. "Nitauliza swali lile lile. Nategemea sikio litakuwa limepona." Akaacha askari langoni, akaondoka. Sasa hata kumtorosha mzee ikawa haiwezekani.

Ustadh alitoka stoo akiwa na vumbi la mchele ndevuni. Alikuwa amesikia kila kitu. Lutfa alianguka miguuni pake, lakini yeye akamwamuru akae mkekani, mgongo wima, kama siku za masomo. Akashika ule upepeo wangu wa jikoni.

"Sema, Gofran Ali ni mbwa."

Lutfa akatikisa kichwa.

"Sema."

Akasema, na mkono ukapanda. Ustadh akaugonga kwa mpini wa upepeo, bila hasira, kama alivyougonga Lutfa alipokuwa mtoto anayekosea sauti. "Tena." Ilikuwa chini chini, kwa sababu ya askari. Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu visivyohitajika, na kila nilipodhani wamemaliza nilisikia tena mzee anatukanwa, na tena mzee anasahihisha. Mpaka mkono ukatulia mapajani. Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Sasa sema bila kulia, mwanangu," akamwambia. "Hakuna anayemlilia mbwa."

Kesho yake Kapteni aliuliza, mkubwa wa studio akiwa kando yake, hathubutu kututazama. Lutfa alijibu kwamba Gofran Ali ni mbwa asiyemjua, mikono mapajani, macho makavu. Akaongeza mwenyewe kwamba mbwa huyo akifa, yeye Lutfa hatajua hata amezikwa wapi. Alilisema vizuri mno, hata mimi nikamsadiki. Kapteni akavaa kofia, akaaga, akamchukua na askari wake wa langoni.

Tulingoja mpaka mlio wa gari ukapotea. Lutfa hakuweza kwenda kufungua stoo. Nilienda mimi.