Mkono wa Morgan Chini ya Boneti

Seleyian alimdharau Morgan tangu alipomwona akipangusa kiti cha Peugeot kwa leso kabla ya kukikalia. Gari hilo, 504 kuukuu, marehemu baba yake alilipenda kama ng'ombe wa kwanza. Sasa kaka yake, Saning'o, alitaka liuzwe, naye ndiye aliyemleta mnunuzi huyo kutoka Kitengela hadi nyumbani kwao Kajiado.

"Supa," Morgan alisalimu, na Kimaa chake kikaishia hapo. Alifungua boneti, akaguna, kisha akaomba maji ya kunywa.

Seleyian aliporudi na kikombe, injini ilikuwa inatetemeka kama mtu mwenye malaria.

"Hii imekufa, madam," Morgan alisema kwa huzuni ya kuigiza. "Iko na shida ya ring za pistoni. Mimi nitaichukua tu kama skrepa, nikuondolee mzigo."

Asubuhi hiyohiyo Seleyian alikuwa ameliendesha kwenda kanisani, na lilinguruma kwa utulivu. Aliingia ndani ya gari akakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe.

Akashuka, akainama juu ya injini na kutega sikio. Ssssss. Mahali fulani injini ilikuwa inavuta hewa isiyo yake. Alifuata sauti hiyo hadi nyuma ya kabureta, akaona paipu ya hewa inayosaidia breki ikining'inia, klipu yake imelegezwa, skrubu bado inang'aa palipopita bisibisi. Akaziba tundu kwa kidole gumba. Injini ikatulia papo hapo.

Hakuondoa kidole. Alimtazama Morgan tu.

"Labda imejitoa yenyewe," Morgan alisema. "Magari ya zamani, unajua..."

"Imejifungua klipu kwa mikono gani?" Seleyian aliuliza. "Mwizi wa mbuzi ana heshima kukushinda. Yeye huja akijua anaiba. Toka kwetu."

Morgan alivaa miwani yake, akaenda zake akinung'unika kuhusu wanawake na magari. Seleyian hakumsindikiza hata kwa macho. Alikuwa anamwangalia kaka yake, ambaye hakuonyesha mshangao wowote.

"Ulijua?"

Saning'o alijikuna shingo. "Alisema akishusha bei, atanikumbuka kidogo."

Kumbe! Morgan alikuwa mgeni, na mgeni hana deni la damu. Lakini huyu alifundishwa kuendesha gari hilohilo, mikono ya baba ikiwa juu ya yake. Dharau aliyokuwa nayo Seleyian kwa Morgan ikamhamia kaka yake.

Alirudisha paipu, akakaza klipu, akajaribu breki hadi pedali ikalainika. Kisha akashika usukani kwenda mjini kununua klipu mpya, maana ile ilikuwa imekwisha meno.

Saning'o alishika mlango wa mbele.

"Nyuma," Seleyian alisema. "Panapokaa mbuzi."

Saning'o akaketi nyuma hadi mjini.