Karata Tatu za Mzee Ngeleja

"Inatoka au haitoki, Jackline. Mambo ni mawili tu, nusu kwa—"

"Siyo nusu, Baba, karata ziko arobaini, ree ni nne—"

"—nusu. Sasa hapo unabisha nini?"

"Nabisha hesabu."

Walikuwa wameanza kubishana kabla hata ya shikamoo. Jackline alishuka kwenye basi la Kilosa na begi moja, akamkuta baba yake, mzee Ngeleja, kwenye baraza ya gesti yake pale Mikumi, anacheza karata na kiti. Yaani anagawa mikono miwili, mmoja wake, mwingine anauweka mbele ya kiti cha marehemu mkewe, Costancia, halafu anamchezea. Na mara nyingi anafungwa yeye.

Jackline akasema hapana, hii imezidi. Afunge gesti, waende wakakae wote Kilosa, nyumba kule kubwa mno. Mzee akagoma. Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, aliuza ng'ombe wote aliotoka nao Shinyanga, akajenga vyumba sita kando ya barabara kuu, rangi akapaka Costancia mwenyewe. Amwachie nani? Binti akamuuliza, kwani sasa hivi anakaa na nani? Madereva wa malori wanafika jioni, wanaoga, wanalala, alfajiri hawapo. Hata jina lake hawalijui. Wanamwita Gesti. "Gesti, maji ya moto."

Ndipo wakafika kwenye karata. Nyumba ile ugomvi ulimalizwa hivyo tangu Costancia yupo: nani akachote maji, nani achinje kuku, karata iamue. Mzee atavuta tatu. Ikitoka karata kubwa hata moja, anabaki. Zisipotoka, anafungasha.

Jackline anafundisha hesabu sekondari, akakubali haraka. Nane, tisa na kumi huwa zinatolewa, ndiyo maana zinabaki arobaini. Ukivuta tatu, kukosa ree zote nne, ndizo kubwa, ni kama mara saba kwenye kila kumi. Mzee kwisha habari yake.

"Na saba," mzee akasema, huku anachanganya.

"Saba imefanyaje?"

"Nayo kubwa. Inampiga kingi. Umesahau mchezo wa mama yako, au huko chuoni kingi alipandishwa cheo?"

Alikuwa amesahau. Kwenye vitabu vyake vya shule, saba ni karata kama nyingine. Akaanza upya, anaandika kwa kidole mezani: kubwa sasa nane, ndogo thelathini na mbili. Ya kwanza ndogo, ya pili ndogo, ya tatu ndogo. Akazidisha, akagawa, akarudia. Ilikuja nusu, imepungua kidogo sana. Mzee kaipata bila kupita njia yoyote inayojulikana, na hiyo ndiyo ilimuudhi zaidi.

Ya kwanza ikatoka nne ya pau. Ya pili, kingi wa uru. Mzee akamtazama kama mgeni aliyekosea mlango. Ya tatu aliifunika kwa kiganja kwanza. Akaifunua.

Saba ya kopa.

Akacheka mpaka akakohoa, akakigeukia kile kiti. "Umeona, mama Jackie?" Akangoja kidogo, kama mtu aliyezoea kujibiwa. Lori likapunguza mwendo pale mbele, halafu likaondoka.

Mzee akamwambia binti yake awahi, basi la kurudi halijapita, na amsalimie mumewe, Brayson. Jackline akasema Brayson yuko Dar tangu mwaka juzi. Siku hizi haandiki. Alilisema kwa sauti ya kusoma majina ya darasa, na mzee, ambaye alikuwa hajui, akabaki anazipanga karata zilizokwisha kupangika.

Jackline akachukua begi, akashuka ngazi, akasimama.

"Baba," akasema, bila kugeuka. "Naomba na mimi chumba. Siyo cha usiku mmoja."