Kanuni ya Sahani Tupu

Kanuni ya kumi na nne niliiandika mimi, kwa mkono huu, nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya gundi iliyopinduliwa. Inasema: "Hakuna mfanyakazi atakayewasha mashine mchana kabla hajala chakula cha kantini na kuonyesha sahani tupu." Basi. Haina mkia. Uongozi ulitaka iwe na mkia, "isipokuwa kwa idhini ya uongozi," nami nikaukata kwa kalamu nyekundu mbele ya macho yao, maana nawajua. Ukiwaachia upenyo wa kidole, watapitisha lori.

Ni miaka kumi na saba sasa, na sijasahau hata nukta. Kiwanda chetu kinatengeneza milango. Enzi zile wa ofisini walikula, sisi wa mashine tukameza vumbi la mbao. Mwenzetu wa randa akazidiwa na njaa saa nane mchana, akaanguka, akaacha vidole viwili kwenye mashine. Uongozi ukaandika "uzembe." Tukazima mashine siku tisa. Siku ya kumi tukapata kantini, na kanuni, na mlinzi wa kanuni: mama mmoja aliyeongoza mgomo akigonga sufuria, ambaye hadi leo hukaa kwenye dirisha la kurudishia vyombo na muhuri mkononi. Tunamwita Bibi Muhuri. Sahani ikiwa tupu, anakugongea kadi. Bila muhuri huwashi mashine, hata ungekuwa nani.

Mimi wananiita Kipaza. Naendesha msumeno mkuu, ule unaochana mbao zote. Nisipowasha mimi, wa randa hana kazi, wa gundi hana kazi, wa msasa hana kazi, na mlango hautoki.

Kisha likaja tumbo. Miaka mitatu nilizungushwa: mara vidonda, mara minyoo, mara mawazo. Daktari mmoja alinishauri nipunguze hasira; jina lake ninalo. Suruali ikawa haikai bila kamba. Mwisho hospitali kubwa wakaingiza kamera yao, wakaupata: ugonjwa wa Crohn. Unavimbisha utumbo na kuuchuna kwa ndani. Hauambukizi na hauondoki, ila unaweza kutulizwa.

Wakanipeleka kwa mtaalamu wa lishe, dada mmoja wa sauti ya chini, mwenye kabati limejaa chupa za maziwa ya tiba.

"Wiki nane," akasema. "Chupa hizi tu, saba kwa siku, na maji. Hakuna kutafuna."

"Hata mkate?"

"Hata chembe ya mkate."

"Nani ameamua?"

"Utumbo wako, kaka. Umevimba, unataka kupumzika." Akaweka kalamu juu ya picha. "Hapa njia imebaki nyembamba kama mrija wa hii kalamu. Tukiutuliza kwa lishe, vizuri. Ukivunja katikati ikashindikana, nitakukabidhi kwa wapasuaji."

"Na nikitaka kujadiliana?"

"Jadiliana nao. Mimi nagawa chupa."

Nilimheshimu. Ni mtu wa kwanza mwenye ofisi ambaye sijaweza kumgomea.

Kesho yake, saa saba kamili, nikaenda dirishani na chupa yangu tupu yenye ladha ya vanila. Bibi Muhuri akatazama nyuma yangu, kama mtu anayetafuta mzigo uliosahaulika njiani.

"Sahani iko wapi?"

"Nimekunywa, mama. Hiki ndicho chakula changu, hospitali wameandika."

"Sijauliza umekunywa nini."

Nikarudi mezani, nikachukua sahani, nikamimina chupa nyingine humo, nikainywa mpaka tone la mwisho, nikamwonyesha. Ilimeremeta.

"Kanuni inasema chakula cha kantini," akasema.

"Mama, kanuni niliiandika mimi."

"Ndiyo maana naiheshimu. Ulisimama pale juu ya ndoo ukatuambia, leo wakituwekea maji kwenye sahani wakayaita supu, nasi tukakubali, kesho watatuwekea harufu. Nililia siku ile, mwanangu." Akauvuta muhuri kifuani. "Leo unataka nikusaliti?"

Yote ya kusema nilikwisha kuyasema mimi mwenyewe, miaka kumi na saba iliyopita, upande wake.

Jioni ile ile afisa utumishi akaniita. Huyu ni mtu wa tai, mwenye tabasamu la kuazima.

"Mzee wangu," akasema, "sheria ni msumeno. Na wewe ndiye fundi wa msumeno." Akacheka peke yake, kisha akasukuma karatasi mezani. Ilikuwa imeshapigwa chapa, tena wino umekauka. Nadhani ilikaa kwenye droo miaka kumi na saba ikinisubiri niugue. Iliongeza maneno machache tu kwenye kanuni ya kumi na nne: "isipokuwa kwa sababu za kiafya, kadiri uongozi utakavyoona."

"Saini hapa. Kesho unywe vanila yako kwa amani."

Nikaona yote kama sinema. Leo Kipaza na utumbo wake. Mwezi ujao uongozi unaona kuwa wa msasa wana vitambi, chakula kitawadhuru. Mwakani kiwanda kizima kina sababu za kiafya za kushinda njaa, na kidole cha tatu kipo kwenye randa.

"Nisiposaini?"

"Basi ule. Au usigongewe. Na asiyegongewa siku tatu mfululizo amejifukuza kazi mwenyewe. Hiyo nayo ni yako, kanuni ya kumi na tano."

"Niliiweka kwa ajili ya wavunja migomo."

"Haijasema hivyo," akasema, na mara hii tabasamu lilikuwa lake mwenyewe.

Kamati ikakutana nyuma ya rundo la fremu. Tukaipekua kanuni baada ya kanuni, mpaka mtu wa bawaba akatua kwenye ya tatu: "Mfanyakazi anaweza kuwakilishwa katika jambo lolote na mtu yeyote." Yangu pia. Kila mtu akawaza lile lile kwa aibu.

"Kula ni jambo," mtu wa bawaba akasema.

Fundi gundi aliinua mkono kabla hoja haijafika mwisho. Tunamwita Sindano, akisimama kiupande unamkosa. "Kwa ajili ya mwenzetu," akasema, "niko tayari kuumia."

Basi ikawa hivyo. Sindano akala sahani yake, akaionyesha, akagongewa. Akahamia kiti changu, akala sahani yangu, akaionyesha, akagongewa kadi yangu. Bibi Muhuri alisoma kanuni ya tatu mara mbili, akapumua, akakubali kwa moyo mweupe. Sindano alikuwa mtu wa kazi: akiwa kwenye kiti changu alikunja hata uso. Saa nane alikuja kunipa taarifa.

"Leo maharage yalikuwa hayajaiva vizuri. Nimelalamika kwa jina lako."

"Kwa nani?"

"Kwa kila mtu. Nilitaka ifanane na wewe."

Nyumbani mke wangu aliwahamishia watoto chumbani kula, mlango wamefunga. Mbao za mlango ule nilizichana mimi. Nilisikia kila kijiko. Siku ya nne akatoka na sahani imefichwa chini ya kanga.

"Baba watoto, tunakula kama wezi."

"Kuleni mezani. Aliyekatazwa ni utumbo, siyo macho."

Wakarudi mezani. Nami nikakaa nao na chupa yangu, natafuna hewa. Njaa haikuwa tumboni, nakwambia kweli, chupa zinashibisha. Njaa ilikuwa kwenye meno. Nilimaliza penseli mbili za seremala na mpini wa brashi, natafuna na kutema. Lakini wiki ya tatu yale maumivu ya baada ya kula yakaanza kunyamaza. Chooni nilikokuwa naenda mara kumi kwa siku, nikawa naenda mara mbili, tena bila kukimbia. Mtaalamu wa lishe akanipima, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Usishangilie. Maliza."

Wiki ya sita ikafika siku ya kupimwa afya kiwandani. Muuguzi alipoita jina langu, afisa utumishi akainua kidole. Akasema kama Sindano ndiye Kipaza mbele ya sahani, ndiye Kipaza mbele ya mizani. Uwakilishi haukatwi vipande. Sindano akapanda. Alikuwa ameongezeka kilo kumi na moja, aproni haifungi nyuma. Muuguzi akaandika alichokiona.

Siku ya tatu nikapata barua. "Uongozi unakupongeza kwa kupona. Kwa kuwa uzito wako umezidi wa kabla ya kuugua, uwakilishi umekwisha. Kuanzia Jumatatu utakula mwenyewe." Chini yake, imebanwa kwa pini, ile karatasi ya isipokuwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Jumatatu nikakaa kwenye kiti changu. Bibi Muhuri mwenyewe aliniletea sahani: wali, maharage, kabichi. Mvuke ulinipiga usoni, meno yakaumana yenyewe. Nikaufikiria ule mrija wa kalamu. Nikaweka mikono chini ya mapaja.

"Sili," nikasema. "Na sisaini."

"Basi sigongi," akasema Bibi Muhuri, akarudi dirishani.

Sindano alikuwa meza ya pili, kijiko kimefika mdomoni. Akakitua. "Leo nimeshiba," akasema. "Nimeshiba tangu wiki ya pili, nilikuwa nawaonea haya." Akaisukuma sahani. Mtu wa bawaba akasukuma yake. Wa randa, wa msasa, meza kwa meza, sahani zikarudi katikati zimejaa. Tulizima mashine siku tisa kwa sababu ya njaa. Sasa tulikuwa tumekaa mbele ya chakula cha moto, watu sitini, tukigoma kushiba.

Saa nane kengele ikalia. Hakuna aliyenyanyuka, maana hakuna aliyekuwa na muhuri. Nje lori lilikuwa linasubiri milango ya shule nzima. Afisa utumishi akaingia mbio, tai imeruka begani.

"Washeni mashine."

"Kanuni hairuhusu," Bibi Muhuri akasema. "Hawajala."

"Basi kuleni."

Hakuna aliyegusa kijiko. Saa tisa akaahidi nyama. Saa kumi dereva wa lori akaanza kupiga honi. Afisa akasimama mbele yangu, jasho linamtiririka.

"Mzee wangu, unataka nini?"

"Kanuni ya tatu," nikasema. "Mtu yeyote. Nimekuchagua wewe."

Akaitazama sahani. Ilikuwa imeshapoa, maharage yameshika ngozi juu. Akautazama mlango, honi ikalia. Akavuta kiti akakaa, akaitupa tai nyuma ya shingo, akala. Watu sitini wakamtazama mpaka punje ya mwisho, kisha nao wakavuta sahani zao. Akaenda dirishani na sahani yangu, mikono miwili, kama mtoto anayepeleka daftari kwa mwalimu.

Bibi Muhuri akaigeuza kwenye mwanga. "Umebakiza kabichi pembeni."

Akalamba pembeni. Nikagongewa, nikawasha msumeno.

Alinilia siku zote kumi na mbili. Hospitali wakapima choo na damu, wakasema uvimbe umeshuka sana, umetulia, haujaondoka. Nilimuuliza mtaalamu wa lishe kama sasa naweza kula sahani nzima.

"Taratibu, kaka. Kitu kimoja kimoja. Wiki hii kiazi kilichomenywa na kuchemshwa, kidogo, na chupa zinaendelea. Kurudi kwenye sahani kamili ni wiki kadhaa."

Ijumaa nikakaa kantini na kiazi kimoja, mpishi amenimenyea. Nikakitafuna muda mrefu, macho nimeyafumba. Nilipoyafumbua, afisa utumishi alikuwa amesimama kando ya kiti, anaangalia wali uliobaki kwenye sahani yangu.

"Wiki kadhaa ni ngapi?" akauliza.

"Kaa," nikamwambia. "Kinapoa."